Kuoanisha bunduki ndogo ya kulinda shamba kwa risasi zisizozidi ishirini

Risasi ya kwanza ikimkosa nyani aliyekaa juu ya mahindi, hakuna ya pili. Kundi zima linaingia msituni, na kwa siku kadhaa halitakuja saa ile ile wala upande ule ule. Bunduki ndogo ya shambani hufaa tu pale risasi inapokwenda mahali pale pale msalaba wa darubini ulipoelekezwa, leo na mwezi ujao. Kazi ya kuifikisha hapo, yaani kuioanisha, haihitaji boksi zima la risasi. Bunduki ikiwa safi, skrubu zikiwa zimekazwa ipasavyo na karatasi ya shabaha ikisomwa vizuri, risasi ishirini zinatosha na huenda moja mbili zikabaki.

Kwanza, mambo ya sheria. Uganda bunduki ya mtu binafsi haimilikiwi bila kibali chini ya Sheria ya Silaha ya 1970, na sheria hiyo hiyo inakataza kutengeneza risasi bila leseni. Kwa hiyo habari za kujijazia maganda nyumbani, ambazo wawindaji wa Marekani huzungumza sana, ziache. Nunua risasi za kiwandani kwa muuzaji mwenye leseni. Kisha jua unamlenga nani. Nyani, tumbili na nguruwe mwitu ndio wanaohesabiwa kuwa wanyama waharibifu, na hata hao hushughulikiwa kwa utaratibu wa wilaya na wa Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. Sokwe hayumo kabisa. Mashamba yaliyo kando ya misitu ya Kibale na Budongo hutembelewa na sokwe pia, na mtu asiyehakikisha anachokiona kwenye darubini alfajiri anaweza kufanya kosa lisilosameheka. Mwisho, .22 ya ukingo (ile ndogo, ambayo pini hupiga ukingo wa ganda, ya kichwa cha risasi cha grini 40, yaani gramu 2.6) haimfai nguruwe mwitu. Itamjeruhi, ataingia kichakani na kufa polepole, au atamgeukia anayemfuata.

Maelezo haya yanahusu bunduki za aina mbili: hiyo .22 ya ukingo, na .223 Remington ya kichwa cha grini 55, gramu 3.56, ambacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 980 kwa sekunde. Kama bunduki yako ya .223 imeandikwa .223 tu kwenye mtutu, usiiwekee risasi za kijeshi za 5.56. Kwa nje zinafanana, lakini koo la chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) ya 5.56 ni refu zaidi. Risasi hiyo ikipigwa kwenye chemba fupi ya .223, shinikizo linaweza kupanda kupita kiwango cha bunduki.

Safisha, lakini kwa kiasi

Toa magazini, fungua bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), tazama ndani ya chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Hakuna hatua nyingine inayoanza kabla ya hiyo.

Fimbo ya kusafishia iwe ya kipande kimoja. Zile za kuunganisha vipande vitatu hupinda katikati na kukwaruza mifereji ya mtutu. Ingiza fimbo kutoka upande wa chemba kila inapowezekana, kwa sababu sehemu nyeti kuliko zote ni ukingo wa mdomo wa mtutu, pale kichwa cha risasi kinapoachia chuma. Mkwaruzo mdogo upande mmoja wa ukingo ule hufanya gesi itoke upande mmoja kabla ya mwingine, na kichwa cha risasi kinasukumwa kikitoka. Bunduki nyingi zinazosemwa zimechoka zimekwaruzwa tu mdomoni na fimbo za chuma.

Kwa .223, pitisha kitambaa cha pamba chenye dawa ya kusafishia, subiri dakika kumi, kisha pitisha brashi ya shaba mara kumi. Brashi itoke kabisa upande wa pili ndipo uirudishe, maana ukiigeuza katikati ya mtutu nyuzi zake zinapinda na kukwama. Kisha vitambaa vikavu hadi vitoke safi. Vitambaa vya fulana kuukuu vinafaa, vikatwe vipande vya kama milimita 28 kwa 28. Vikizidi hapo vinabana, vikipungua havigusi mifereji. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, hiyo ni shaba ya kichwa cha risasi iliyobaki kwenye chuma. Tumia dawa ya kuondolea shaba kwa muda ulioandikwa kwenye chupa na si zaidi, kwani nyingi zina amonia na zikilala usiku kucha zinakula chuma. Kuwa mwangalifu na jambo moja hapa: dawa hiyo ikigusa brashi ya shaba, brashi yenyewe inatoa buluu, nawe utasugua mtutu safi ukidhani bado mchafu.

Mafuta ya taa yanatoa masizi vizuri kama huna dawa, ila hayalindi chuma, hivyo baada yake paka mafuta mepesi ya bunduki. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yanaganda kama gundi, na pini ya kufyatulia inapungua kasi hadi risasi inakataa kulipuka.

.22 ya ukingo ni tofauti, na hapa wengi huharibu kwa bidii nyingi. Vichwa vyake ni vya madini laini ya risasi yaliyopakwa nta, na nta hiyo hujenga tabaka jembamba ndani ya mtutu. Ukiliondoa lote, risasi tano hadi kumi zinazofuata zitatawanyika hadi tabaka lijirudie. Kwa hiyo kabla ya kuoanisha, safisha chemba tu, pale kwenye pete ngumu ya masizi mbele ya ganda, kisha pitisha kitambaa kimoja kikavu mtutuni. Basi. Na usiifyatue .22 ikiwa tupu: pini yake hupiga ukingo wa chemba, na baada ya muda chuma kinavimba hapo na maganda yanakataa kuingia.

Kabla ya kwenda uwanjani, futa mafuta yote mtutuni na kwenye chemba. Mafuta kwenye chemba hayaruhusu ganda kushika kuta, na nguvu yote inarudi kwenye bolti.

Skrubu

Asilimia kubwa ya bunduki zinazohamahama hazina ubaya wa mtutu wala wa darubini. Skrubu imelegea. Anza na skrubu mbili au tatu zinazoshika mtutu na mti wa bunduki (sehemu unayoishika na kuiegemeza begani). Kwenye mti wa mbao zikaze kwa karibu Nyuton-mita 4 hadi 5. Kama mti una nguzo za alumini, nyingi huenda hadi 7. Fuata kitabu cha bunduki yako kikiwepo. Kaza ya mbele kwanza, kisha ya nyuma.

Halafu ondoa darubini yote na uanze upya. Ondoa mafuta kwenye mashimo na skrubu za msingi wake kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya skrubu ya buluu (si nyekundu, nyekundu itahitaji moto kuitoa), kisha kaza. Pete za darubini zinahitaji nguvu ndogo kuliko watu wanavyofikiri, Nyuton-mita 1.7 hadi 2. Ukikaza kama nati ya boda boda unabonyeza bomba la darubini, na ndani mfumo wa kusogeza msalaba unakwama: unazungusha kinobu cha kurekebishia, msalaba hauendi, kisha unapofyatua mtikisiko unausogeza wote kwa mara moja. Kaza skrubu za pete kwa zamu, kulia na kushoto, nusu mzunguko kila moja, ili nafasi zilizobaki pande zote mbili zilingane.

Darubini iwe mbali na jicho sentimita 8 hadi 9. Karibu zaidi ya hapo .223 itakupiga nyusi. Kabla ya kukaza mwisho, hakikisha msalaba umesimama wima: ning'iniza kamba yenye jiwe umbali wa mita 25 na ulinganishe mstari wa wima na kamba huku bunduki ikiwa imelala sawa. Msalaba ulioinama kidogo hautakusumbua karibu, lakini kila marekebisho ya juu yatakupeleka pembeni pia.

Kipimo cha mwisho hapa kinahitaji noti ya shilingi 1,000. Ipitishe kati ya mtutu na mti kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Kama bunduki imetengenezwa mtutu usiguse mti, noti iteleze bila kukwama hadi karibu na chemba. Ikikwama upande mmoja, mti umevimba kwa unyevu. Hili hutokea sana baada ya mvua za Machi hadi Mei. Kwaruza mbao kidogo mahali hapo kwa msasa uliozungushiwa fimbo, kisha paka vanishi sehemu uliyokwaruza, la sivyo itanyonya maji zaidi ya awali. Baadhi ya .22 zina pete inayofunga mtutu na mti. Hizo kipimo cha noti hakizihusu.

Mahali pa kupiga

Kichwa cha .22 kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.5 na cha .223 zaidi ya 3. Nyuma ya karatasi lazima kuwe na udongo laini, kilima au mfereji uliochimbwa, wenye kina cha kumeza risasi. Kichuguu kikubwa kinavutia, lakini kile cha zamani kimekauka kama tofali na .22 huruka juu yake. Murram, mawe na maji ni mabaya zaidi. Risasi inayogonga maji kwa pembe ndogo inaendelea na safari. Wajulishe majirani na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), maana mlio usiotarajiwa huleta polisi, na ni haki yao kuja.

Piga asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, kabla upepo haujaamka. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka pembeni husogeza .223 ya grini 55 karibu sentimita 2.5 kwenye mita 100. .22 ya kasi utaisogeza sentimita 3 na kitu kwenye mita 50 na zaidi ya 13 kwenye mita 100. Ukioanisha kwenye upepo, unaoanisha upepo.

Pumzisha sehemu ya mbele ya mti juu ya mfuko wa mchanga au gunia lililojazwa mchele mbovu, kamwe si mtutu wenyewe. Mfuko mdogo uwe chini ya kitako. Mkono wa kushoto unafinya mfuko huu mdogo kupandisha au kushusha msalaba, hauishiki bunduki.

Risasi zenyewe

Piga risasi moja au mbili za kwanza kwenye udongo ili kuchoma mafuta yaliyobaki. Usizihesabu.

Kwa bunduki ya bolti, toa bolti, iweke bunduki imara kwenye mifuko, tazama kupitia mtutu hadi katikati ya karatasi iliyo mita 25, kisha bila kuitikisa zungusha vinobu hadi msalaba ukae pale pale. Utashangaa kidogo hapa: ukizungusha kuelekea "juu", msalaba unaonekana ukishuka. Ndivyo inavyofanya kazi. Kinobu kinaeleza kule matundu yatakakokwenda, si kule msalaba unakokwenda. Bunduki ambazo huwezi kutazama mtutu wake anza na karatasi pana ya sentimita 60 kwa 60.

Piga tatu kwenye mita 25. Tafuta kitovu cha matundu matatu hivi: chukua mawili, weka alama katikati yake, kisha kutoka alama hiyo sogea theluthi moja kuelekea tundu la tatu. Usirekebishe kwa tundu moja, na usichague tundu lililo zuri.

Sasa hesabu. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya sitini ya digrii) kwa kila mlio mdogo wa kinobu. Dakika moja ni milimita 29.1 kwenye mita 100, hivyo mlio mmoja ni milimita 7.3 kwenye mita 100, 3.6 kwenye mita 50, na 1.8 kwenye mita 25. Kama vinobu vimeandikwa 0.1 ya miliradiani, mlio mmoja ni milimita 10 kwenye mita 100 na hesabu ni rahisi zaidi.

Lakini usilete matundu katikati kabisa kwenye mita 25 kwa .223. Darubini ikiwa sentimita 3.8 juu ya kitovu cha mtutu, bunduki itakayokuwa sawa kwenye mita 100 inapiga karibu milimita 17 chini kwenye mita 25. Mfano: kitovu kiko milimita 41 chini na 60 kulia. Unataka kikae 17 chini, kwa hiyo kipandishe milimita 24, yaani milio 13, na kiende kushoto milimita 60, yaani milio 33. Piga mbili kuthibitisha. Kwa .22 itakayooanishwa kwenye mita 50, mita 25 ipige juu kidogo, kama milimita 7.

Kisha nenda kwenye umbali wako halisi: mita 100 kwa .223, mita 50 kwa .22. Piga tatu, hesabu, rekebisha, piga tatu tena. Mtutu mwembamba wa shambani ukipata joto unajikunja kidogo, hivyo subiri dakika tatu kila baada ya risasi tatu, bolti ikiwa wazi na bunduki kivulini. Ukiweza kushika mtutu kwa kiganja bila kuona joto, endelea. Mwisho piga tano polepole. Kundi la tano ndilo linalokuambia ukweli wa bunduki yako. Milimita 40 hadi 50 kwenye mita 100, ukipima kutoka kitovu cha tundu la mbali hadi kitovu cha lingine, ni nzuri kwa .223 ya kawaida. .22 yenye risasi za bei ya chini itatoa milimita 25 hadi 35 kwenye mita 50.

Karatasi inavyosema

Matundu yakipangana juu na chini, tafuta joto la mtutu, au mti ulioegemea mfuko mahali tofauti kila mara, au pumzi: fyatua pumzi ikiwa nusu, baada ya kuitoa, si kifua kikiwa kimejaa. Kwa .22 mstari wa wima ni mara nyingi risasi zenyewe, kasi ikitofautiana ndani ya boksi moja.

Yakitanda kulia na kushoto, ni upepo au ni kidole. Triga ikivutwa kwa kiungo cha kidole badala ya ncha, mkono wa kulia unasukuma bunduki pembeni. Mstari wa mshazari unanuka mti unaogusa mtutu. Rudia noti.

Makundi mawili yaliyojitenga, kila moja likiwa dogo na safi, ni dalili ya kitu kinachoruka kati ya nafasi mbili: skrubu ya msingi, pete, au msalaba uliokwama ndani. Kabla ya kulaumu darubini, weka bunduki imara, elekeza msalaba kwenye alama, kisha sogeza jicho juu, chini, kulia na kushoto nyuma ya kioo. Msalaba ukionekana kuhama juu ya alama, darubini haijawekwa kwa umbali huo. Darubini za bunduki kubwa mara nyingi huwekwa kwa mita 90 au zaidi, na zikipandishwa kwenye .22 ya mita 50 zinadanganya jicho lisilokaa katikati. Dawa ni shavu likae mahali pale pale kwenye kitako kila risasi.

Matundu ya mviringo uliorefuka, kama tundu la ufunguo, yanasema kichwa cha risasi kinaruka kikipinduka. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye darubini. Mtutu wa .223 ambao mifereji yake inazunguka mara moja kwa kila inchi 12 unashika grini 55, haushiki vichwa vizito vya 69 na kuendelea. Badilisha risasi.

Ukishapata kundi zuri, andika namba ya toleo iliyo kwenye boksi la risasi. Toleo jingine la kampuni ile ile linaweza kupiga sentimita 3 mbali, na kwa .22 hili ni jambo la kawaida kabisa. Boksi jipya likifunguliwa, piga tatu kwenye karatasi kabla ya kwenda shambani.

Baada ya kuoanisha kwenye mita 100, .223 itashuka kama sentimita 3 kwenye mita 150 na karibu 10 au 11 kwenye mita 200. .22 iliyooanishwa kwenye mita 50 itashuka sentimita 16 hadi 20 kwenye mita 100, na kwa kushuka kiasi hicho usimpige mnyama umbali huo. Makosa ya mita kumi katika kukadiria yanageuza risasi safi kuwa jeraha.

Kesho yake, bunduki ikiwa baridi na mtutu haujaguswa, piga risasi moja kwenye karatasi mpya. Hiyo ndiyo itakayopigwa shambani, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuiamini. Ikiwa iko mbali na kundi la jana kwa zaidi ya sentimita 3, rudia kesho kutwa. Ikirudia mahali hapo hapo, andika tofauti hiyo kwenye karatasi na uibandike ndani ya kabati.

Bunduki isikae ndani ya mfuko wa turubai au ngozi. Mfuko huo unashika unyevu wa Kampala au wa Fort Portal na kuulaza juu ya chuma. Weka ndani ya kabati lenye kufuli, na pakiti za kukausha unyevu zinazokaushwa kila mwezi. Risasi zikae mbali na bunduki, kwenye kufuli lake. Kila wiki mbili wakati wa mvua, toa jasho la vidole kwa kitambaa chenye mafuta, kagua skrubu za msingi kwa bisibisi bila kuzilegeza, na funga.